Misalaba ya Chaki

Asubuhi ile upepo wa Dodoma ulikuwa bado haujaamka, na Elieth alikuwa ameuwahi kwa makusudi. Mwezi wa saba upepo huo hauna adabu. Jua likishapanda tu unabeba vumbi la uwanda mzima na kukumwagia usoni, na kazi aliyotaka kuifanya haikutaka upepo hata kidogo. Alitaka kujua ndege ndogo iliyoegeshwa bandani inavuja wapi.

Kwamba inavuja, hilo halikuwa na ubishi. Ndege hiyo ya shirika dogo la misaada ilichukua wagonjwa na manesi kutoka vijiji ambako gari hufika kwa kudra, na kila aliyeipanda alishuka anatetemeka. Baridi ilipenya mlangoni, ikapenya sakafuni, ikapenya na pasipojulikana. Wiki iliyotangulia nesi Debora alikuwa ameshuka na kichanga kilichofungwa khanga juu ya khanga, na bado viganja vyake vilikuwa vya baridi kabisa. "Fundi," Debora alimwambia Elieth huku midomo ikimcheza kwa hasira, "mmetupa ndege au mmetupa tenga la kuku?" Kichanga kilipona, lakini neno lile lilimkaa Elieth kifuani.

Mashine ya kupuliza hewa, ambayo mafundi huitumia kutafuta matundu kwa povu la sabuni, ilikuwa imekufa tangu Pasaka na bosi alikuwa bado "anaifuatilia". Elieth alichoka kusubiri. Alikuwa na leseni ya ufundi wa ndege, lakini pia alikuwa mtoto wa mrina asali wa Manyoni, na nyumbani alikuwa na kifukizio cha marehemu baba yake: kopo la bati lenye mdomo na mfuko wa kupulizia, ambalo warina asali huwatulizia nyuki. Alikijaza magunzi na samadi kavu, akakiwasha nje kabisa ya banda, akaupeleka moshi kwa paipu ndefu hadi kwenye kidirisha cha rubani. Matangi ya mafuta yalikuwa yamekaushwa kwa ajili ya matengenezo, na mtungi wa kuzimia moto ulikuwa miguuni pake. Akafunga mlango wa ndege, akaanza kupuliza.

Moshi ukajaa ndani hadi vioo vikawa vyeupe, kisha ukaanza kutoka. Ulitoka taratibu, uzi mmoja kwenye bawaba, mwingine chini ya mlango, mwingine pale bawa linapokutana na paa. Elieth akaizunguka ndege na chaki, na kila palipotoka uzi wa moshi akachora msalaba. "Kumbe uko hapa," aliliambia tundu moja. "Na wewe umejificha hapo." Alikuwa anacheka peke yake, kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wake.

Mzee Kefa, mlinzi, alipotokeza kona na chupa yake ya chai, alichokiona ni mwanamke anayeizunguka ndege alfajiri, ndege inafuka moshi bila kuungua, na mwanamke huyo anaongea na kucheka na kuichora misalaba. Harufu ya samadi ilikuwa imetanda kila mahali.

"Mama Lea," alisema kwa sauti ya chini, "unaizindika ndege ya watu?"

"Natafuta inapovuja, Mzee Kefa. Shikamoo."

Mzee Kefa hakuitikia. Hapo Elieth angepaswa kushtuka, maana mzee anayeacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani ana jambo kubwa moyoni. Lakini jua lilikuwa linakuja na upepo nyuma yake, na matundu yalikuwa bado hayajaisha, kwa hiyo aliendelea kuchora.

*

"Mimi binafsi siamini mambo haya," alisema Anthony, msimamizi wa shirika. Elieth alijua papo hapo kwamba mambo ni mabaya. Mtu anayeanza hivyo ama anaamini, ama anawaogopa wanaoamini.

"Basi yameisha, Kaka Anthony. Nirudi kazini."

"Hayajaisha. Rubani anasema hapandi. Manesi wanasema hawapandi. Ndege inanuka moshi, Elieth! Watu wanauliza ilikuwa kafara ya nani."

"Kafara?"

"Inasemekana kulikuwa na kuku."

"Kuku gani?"

"Mweusi."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ndiyo maana nasema inasemekana." Anthony alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kuanza maisha Area D hapa Dodoma, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni maneno ya watu.

Elieth alingoja swali moja. Angeulizwa kwa nini amewasha moto karibu na ndege bila kumtaarifu bosi wake, angekuwa na jibu, na hata samahani alikuwa nayo tayari, kwa sababu hapo alikuwa amekosea kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza habari za moto. Wote walimuuliza habari za shetani.

"Pumzika nyumbani kwanza," Anthony alimalizia. "Nimeongea na Mchungaji Henry wa kanisani kwenu, ni mtu mwelewa. Simama Jumapili mbele ya watu, utubu kidogo, wakurudishe kundini. Jumatatu uko kazini."

"Kutubu kidogo kukoje?"

"Maneno mawili tu, dada yangu. Nisameheni, nimekosa."

"Na nisipoyasema?"

Anthony alitazama simu yake, ambayo haikuwa imelia. "Basi mapumziko yatakuwa marefu."

*

Maneno yalimtangulia kufika nyumbani kwake Mkonze. Mama mmoja wa jirani alikuwa na desturi ya kuazima ungo wa mama mkwe wake Elieth kila wiki, na kila wiki aliurudisha na kisahani cha karanga na hadithi ndefu. Siku hiyo aliuegemeza ukutani kwa nje, bila karanga wala hodi, akaondoka haraka. Raheli, mama mkwe, aliuokota akaukung'uta vumbi kwa hasira.

"Ungo wangu una ukoma?" aliuliza mtaa mzima, na mtaa mzima ukanyamaza.

Jibu lilikuja na Lea, mwenye miaka tisa, aliporudi shuleni na kutupa begi mlangoni. "Mama, wameniuliza kama umeacha ndege, siku hizi unasafiria ungo wa Bibi."

Elieth alicheka, maana lilikuwa swali la akili. Halafu akauona uso wa mtoto na kicheko kikakauka. Alimvuta, akamfuta machozi kwa upande wa kanga, akajisikia hasira inampanda polepole. Kwake yeye wangesema wanavyotaka. Kwa Lea hapana.

Abeli, mumewe, alirudi jioni kutoka wizarani, alikokuwa karani wa masjala. Alikuwa mzee wa kanisa pia, tena mzee wa kanisa kijana kuliko wote, na cheo hicho alikivaa hata akiwa amevaa fulana. Alikula ugali wake. Alipomaliza alinawa, akanawa tena.

"Mama Lea, ni maneno tu."

"Yapi?"

"Hayo mawili. Yanakugharimu nini? Mshahara wangu unauona unaishia kwenye unga na ada. Ukuta huu umeusimamisha wewe. Ukikosa kazi tutauezeka kwa pesa gani? Na mimi wananivua uzee, nitakaa benchi la nyuma na watoto."

"Wewe unaamini nimezindika ndege?"

"Mimi? Siamini."

"Basi unataka niseme uongo madhabahuni ili wewe usikae benchi la nyuma."

Abeli alifumba macho. "Elieth, usiupindue. Watu wakishasema, wameshasema. Ukitubu wanasahau."

"Hawasahau, Baba Lea. Leo Lea ni mtoto wa fundi anayesingiziwa. Nikisema maneno hayo, kesho ni mtoto wa mchawi aliyetubu, na ataolewa akiwa mtoto wa mchawi aliyetubu. Benchi la nyuma halijaua mtu. Nenda ukakae."

Mama Raheli, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni akijifanya hasikii, aliguna. Haikujulikana ameguna kwa upande wa nani.

*

Jumamosi walikuja Mchungaji Henry na wazee wawili wa kanisa. Walikaa kwenye makochi ambayo Raheli alikuwa ameyatandikia vitambaa vilivyofumwa, vile vya Krismasi. Alileta chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi ya moto, akamimina, akagawa. Wageni walishukuru kwa heshima, wakaviweka vikombe mezani.

Mchungaji alikuwa na sauti nzuri na upole wa kweli, na hilo ndilo lililomtesa Elieth. Mtu mkali ungemjibu kwa ukali. "Binti yangu, hatukuja kuhukumu. Kila mtu hubeba kitu cha nyumbani kwao. Wengine hirizi, wengine moshi. Unakitua, unapumzika."

"Mchungaji, moshi ule ni wa kutafuta matundu. Moshi hupita hewa inapopita. Ungeuona mwenyewe ungenielewa."

"Na misalaba?"

"Ni alama. Nisipoweka alama nitasahau pa kuziba."

Mzee mmoja alikohoa. "Mbona ukachagua msalaba?"

"Wewe fundi akikuwekea alama ukutani pa kutoboa, huweka nini?"

Mchungaji aliinua mkono kuleta amani. "Lakini ondoa hofu kuhusu ndege yenyewe. Alhamisi tulikwenda na timu ya maombi kwa ruhusa ya msimamizi wenu. Tumeiosha misalaba yote kwa maji na sabuni. Kisha tumeipaka mafuta ya upako, mlango mzima."

Elieth aliinuka nusu kwenye kiti. "Mlango upande gani?"

"Kuzunguka kote. Pembeni, juu, chini. Hatukuacha mahali."

"Kwenye mpira? Pale mpira unapokaa? Mafuta ya nini?"

"Ya zeituni, yaliyoombewa."

"Mungu wangu," alisema Elieth, akashika kichwa kwa mikono miwili. Wazee walitazamana. Mmoja alifumba macho na kuanza kuomba kwa kunong'ona, maana kwake ilikuwa dhahiri kwamba pepo limeguswa. "Sikilizeni! Ule mpira wa kuzibia mlango unabandikwa kwa gundi. Gundi haishiki kwenye mafuta, hata yawe yameombewa na malaika. Mwambieni Anthony asibandike kitu mpaka pafutwe kwa dawa yake!"

"Tulia, binti yangu," alisema Mchungaji.

"Nimetulia. Mwambieni tu."

Ndipo Raheli, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akaviona vikombe. Vilikuwa vimejaa vyote, chai imeganda utando juu, na maandazi hayajaguswa hata moja. Alikuwa mwanamke wa Kongwa aliyepokea wageni maisha yake yote, hata miaka ya njaa, na hajawahi kuona mgeni anaogopa chai yake. Alisogea mezani, akakichukua kikombe cha Mchungaji Henry, akakinywa chote kwa mafundo marefu huku akimtazama machoni. Akakirudisha mezani.

"Haina kitu," alisema. "Sukari tu, nayo ni kidogo. Karibuni tena siku mtakapokuwa na kiu."

Walipoondoka, Raheli aliubeba ule ungo akauweka mikononi mwa Elieth. "Mwanangu Abeli ni mwoga, alimrithi baba yake. Wewe usitubu."

Jumapili Elieth alikwenda kanisani na gauni lake la kitenge, akakaa benchi la mbele kabisa. Ulipofika wakati wa matangazo Mchungaji alimtazama. Kanisa zima likamtazama. Elieth alimtazama naye, mikono mapajani, mpaka Mchungaji akafungua kitabu na kutangaza usafi wa uwanja. Abeli, kwenye kiti chake cha mzee wa kanisa, alikuwa ameloa jasho katika baridi ya mwezi wa saba.

*

Shirika lilimleta fundi kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyemwambia habari ya mafuta; kwa wazee yale yalikuwa maneno ya pepo. Fundi aliona mlango unang'aa, akadhani umesafishwa, akabandika mpira mpya na kurudi kwao siku hiyo hiyo.

Rubani na manesi walikubali kupanda, maana ndege ilikuwa imeombewa, lakini safari ya kwanza haikufika mbali. Ikiwa juu ya mashamba ya mtama, mpira ulibanduka upande wa chini, upepo ukaingia kwenye upenyo na mlango ukaanza kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi mrefu, mwembamba, usiopumzika. Manesi walikemea kwa jina la Yesu. Rubani aligeuza. Waliposhuka, mmoja alikuwa amepoteza kiatu na Debora alikuwa amepoteza subira.

"Shetani gani anapiga mluzi ndege ikiwa hewani, ikitua ananyamaza?" alimfokea Anthony mbele ya watu wote. "Mrudishe Elieth! Nina mama mjamzito huko kijijini anasubiri!"

Jioni hiyo gari la Anthony lilisimama Mkonze. Alikunywa chai aliyopewa, yote, na Raheli alihakikisha kwa kuchungulia kikombe.

"Elieth, kesho njoo kazini. Ziba hayo matundu."

"Yapi? Alama zimeoshwa."

"Hukumbuki?"

"Nakumbuka baadhi. Baadhi hakuzibi ndege. Itabidi nitie moshi upya."

Anthony alijikuna shingo. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ninunulie mashine niliyokuomba tangu Pasaka."

Anthony akaitazama sakafu. "Basi tia. Ila fanya kimyakimya, mapema, mtu asione. Na Jumapili pitia tu kanisani..."

"Hapana."

"Elieth."

"Nilifanya mapema kwa ajili ya upepo, sikufanya kwa kujificha. Sasa nitafanya mapema tena, na watu wataona. Mzee Kefa atapuliza kifukizio kwa mikono yake. Mchungaji aje asimame pale. Nanyi wote mliosikia kuna kuku mweusi njooni mumtafute. Na kanisani sitatubu, Jumapili hii wala nyingine."

"Unaniwekea masharti? Mimi ni bosi wako."

"Ndiyo, bosi. Nakuwekea."

Anthony aliiangalia nyumba ile, ukuta usioezekwa upande mmoja, mtoto anayefanya mazoezi ya hesabu sakafuni, bibi aliyeshika birika kwa namna isiyompendeza. Alitafuta mtu wa kumsaidia, akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee wa kanisa, ongea na mkeo."

Lea alikuwa ameacha hesabu zake anamtazama baba yake, na Raheli pia. Abeli alisimama, akachukua koti lake ukutani.

"Unakwenda wapi?" Elieth alimuuliza.

"Kwa Mchungaji. Kumwambia kesho aamke mapema." Mlangoni aligeuka. "Wakinivua, wanivue."

*

Walikuwa wengi kuliko alivyotaka Anthony. Rubani alikuwepo, manesi walikuwepo, Mchungaji Henry alikuwa amejifunika koti zito na Biblia kwapani. Baridi iliwauma wote sawa. Matangi yalikaushwa tena, mtungi wa kuzimia moto ukawekwa, na safari hii Elieth alimtaarifu bosi wake juu ya moto, kwa sauti, mbele ya watu.

Mzee Kefa alipokea kifukizio kwa ncha za vidole. "Napuliza hivi?"

"Kwa nguvu, Mzee wangu. Ukilegeza moshi unarudi kwako."

Akapuliza. Abeli alishika paipu kidirishani na kuizibia kwa kitambaa, macho yakimtoka machozi. Vioo vikawa vyeupe. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Kisha uzi wa kwanza wa moshi ukachungulia chini ya mlango, ukapanda wima, kwa sababu upepo ulikuwa bado umelala. Elieth akachora msalaba.

"Elieth," Anthony alinong'ona pembeni yake, "chora hata duara basi. Kwa ajili ya watu."

"Duara linaniambia tundu liko humu ndani mahali fulani. Mistari miwili ikikatana inaniambia liko hapa." Akachora mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Akachora mwingine. Hakuharakisha na hakunong'ona.

Watu walisogea tena, kidogo kidogo. Debora akaonyesha kwa kidole, "Pale kwenye bawaba!" Rubani akainama chini ya tumbo la ndege, akaita. Hata Mzee Kefa alinyoosha shingo huku akipuliza, akasema kumbe hata nyumba ya mama yake ilikuwa inafuka hivyo hivyo chini ya paa, na hakuna aliyemwita mama yake mchawi. Alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake aliinamisha kichwa, akaendelea kupuliza. "Shikamoo, Mzee Kefa," Elieth alimwambia kutoka ng'ambo ya bawa. "Marahaba, mwanangu," alijibu.

Mchungaji Henry alikuwa amesimama nyuma peke yake, karibu na mkia. Alitazama juu, akasogea, akavaa miwani.

"Mama Lea!" aliita, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mimbarini. "Na huku unatoka! Huku juu, hukupaona!"

Elieth alikuja. Kweli, kwenye mshono ulio juu ya dirisha la nyuma, mahali ambapo hata mara ya kwanza hakupagundua, moshi ulikuwa unatoka mwembamba sana. Hapo ndipo mama aliyepakata kichanga hukaa. Elieth alikuwa mfupi, hakupafikia. Mchungaji alikuwa mrefu.

Akamnyooshea chaki.

"Chora, Mchungaji."

Watu wote walikuwa wanatazama. Mchungaji Henry aliitazama chaki, akamtazama Elieth, akaihamishia Biblia kwapa la pili. Aliipokea. Akainua mkono, akachora pale penye moshi kamsalaba kadogo, kembamba, ka mtu anayetaka kasionekane.

Elieth alisimama ameshika kiuno, akikaangalia.

"Mkubwa zaidi, Mchungaji," alisema. "Nisipouona, nitapaacha wazi."